Chemsha bongo ya Mikocheni: ni Gitega, jamani, Gitega!

Mji mkuu wa Burundi ni Gitega. Naliweka hilo juu kabisa ili anayetafuta bei za vinywaji na habari za maegesho ajue mapema kwamba amekosea mlango. Mimi nimekuja kulalamika.

Mahali penyewe sitapataja. Mnaopenda chemsha bongo za katikati ya wiki mtapajua tu: kiingilio mnalipa kwa meza, mnapewa karatasi na kalamu, MC anasoma maswali ya vyakula, muziki na filamu, halafu jiografia, na washindi wanaondoka na sinia la kuku wa kuchoma. Tulienda mwezi uliopita, au ule wa nyuma yake, siku umeme ulipokatika na jenereta likanguruma mpaka mwisho.

Nisiwe mchoyo wa sifa, raundi ya vyakula ilikuwa tamu kweli. Pizza ya nanasi, ile wanayoiita ya Hawaii, ilibuniwa nchi gani? Nusu ya ukumbi wakaandika Italia, waliobaki Marekani. Kumbe Kanada! Mgiriki aliyehamia huko, Sam Panopoulos, aliitengeneza mwaka 1962 kwenye mgahawa wake Ontario. Likaja la asili ya mahindi, mihogo na pilipili, na jibu kwa vyote vitatu likawa mabara ya Amerika. Mzee mmoja meza ya jirani akasimama kabisa: "Kwa hiyo babu zetu walikuwa wanasonga ugali wa nini?" Wa mtama, mzee wangu, wa uwele na wa ulezi. Akakaa, ila hakukubali mpaka tunaondoka, na nadhani bado anabisha huko aliko.

Kwenye muziki, lile la mwimbaji wa kundi la Queen aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 akiitwa Farrokh Bulsara halikumalizwa kusomwa. Meza ya Wazanzibari walishalirukia na kupiga makofi. La Lupita Nyong'o kuzaliwa Mexico City lilizua ubishi mzuri, watu wameshikilia Kisumu kama wameonyeshwa cheti. Mpaka hapo ningetoa nyota nne bila kuuliza. Mishkaki nayo ilikuwa imeiva vizuri, si ile ya kutafuna mpaka taya ziume.

Kisha ikaja miji mikuu. Tulikuwa tunaongoza kwa pointi moja.

MC akaanza kwa mbwembwe. Australia? Walioandika Sydney wakachekwa, ni Canberra. Nigeria? Abuja, tangu 1991, mwenye Lagos pole yake. Ivory Coast? Hapo akasimama katikati ya ukumbi, kipaza sauti mdomoni, akatuhubiria: msidanganywe na ukubwa wa mji, Abidjan ni biashara, mji mkuu ni Yamoussoukro tangu 1983. Nikampenda. Nikasema huyu kijana kasoma.

Swali la mwisho: Burundi.

Kwenye meza yetu tulikuwa na dada mmoja wa Kigoma, ana shangazi na wajomba ng'ambo ya mpaka, misiba na harusi za huko zote anakwenda. Aliandika Gitega kabla MC hajafunga mdomo. Karatasi zikakusanywa. MC akasoma: "Jibu sahihi, Bujumbura."

Dada akanyoosha mkono, kwa adabu zote. "Samahani kaka, ni Gitega. Walihamisha." Na ndivyo ilivyo: Rais Nkurunziza alitangaza Desemba 2018, Bunge likapitisha Januari 2019, Bujumbura ikabaki mji mkuu wa kiuchumi. Yaani hubiri lilelile la Abidjan, lililotoka mdomoni mwake dakika chache zilizopita!

Unajua alijibu nini? "Dada, hapa hatujaja kufundishana. Jibu ni lililoandikwa." Kipaza sauti kiko wazi, ukumbi mzima unacheka. Dada akatoa simu amwonyeshe, karatasi zikiwa zimeshakusanywa, narudia, zimeshakusanywa. MC akapaza sauti: "Simu! Meza namba sita mmekatwa pointi!"

Tulishindwa kwa pointi moja. Piga hesabu mwenyewe.

Nikamfuata mezani kwake. Maswali yenyewe yako kwenye mfuko wa nailoni, kona moja ina doa la mchuzi, na mistari miwili juu ya Burundi nikaona neno "Swaziland". Nchi hiyo inaitwa Eswatini tangu Aprili 2018. Chini kidogo iko Macedonia, bila ile Kaskazini iliyoongezwa 2019. Watoto waliozaliwa karatasi hiyo ikichapwa sasa wanasoma shule, na watu bado wanatozwa kiingilio kuisikiliza. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaigeuza juu chini, akaniambia, "Mama, kunywa soda upoe."

Meneja alikuja na tabasamu lake: uamuzi wa MC ni wa mwisho. Akatuletea soda za bure. Nilikunywa, lakini kwa hasira.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba huyu ni Mtanzania. Mgeni akisema mji mkuu wetu ni Dar tunamrukia kooni. Sisi tuliamua Dodoma mwaka 1973, tukasuasua miaka na miaka, sheria ya kuitangaza makao makuu ikapita 2018. Jirani anatangaza kuhama mwaka huohuo, halafu sisi, sisi haswa, ndio wa kujifanya hatukusikia? Kama aliona utata angekubali majibu yote mawili, nani angekufa?

Basi nyota mbili. Tatu, kwa sababu ya mishkaki na yule mzee wa ugali, maana kwa kweli sijacheka vile siku nyingi, na raundi ya vyakula ninaisimulia ofisini mpaka leo. Huenda nikarudi wakibadilisha maswali. Dada wa Kigoma ameshasema anarudi, tena anamleta shangazi yake kutoka Gitega penyewe.

Ila nikikumbuka "kunywa soda upoe"... hapana. Hapana, nimefuta. Nyota moja, na hiyo moja ni ya mpishi. Mkienda kaeni meza za mbele, huko nyuma jenereta linameza maswali, na mkiulizwa kuhusu Burundi andikeni mtakavyo, mradi mjue kuku mtakaokula ni wetu.