Unahamia Tukuyu kutoka Dodoma? Nunua kwa mpangilio huu

Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Tukuyu, wilayani Rungwe, hupata zaidi ya 2,000. Msimu wake mkubwa huanza Novemba na kwisha Mei, Aprili ndiyo kilele, na hata Juni na Julai manyunyu na ukungu havikatiki kabisa. Mtu aliyezoea vumbi na jua akisikia hivyo hukimbilia kununua mwavuli. Hapo ndipo pesa inapoanza kupotea.

Kulowa si shida kubwa, kwa sababu Tukuyu kila mtu hulowa. Shida ni kukauka. Nguo iliyofuliwa Dodoma asubuhi huvaliwa mchana, ila suruali ya jinzi iliyofuliwa Tukuyu mwezi Aprili inaweza kukaa kambani siku tatu na bado mshono wa kiunoni una maji. Ndiyo maana katika mpangilio huu kila kitu kinapimwa kwa swali moja: kikilowa, kitakauka lini?

Ukitenga fedha za maandalizi haya, tuseme katika kila shilingi elfu kumi, elfu nne ziende miguuni, elfu tatu kwenye koti, elfu mbili kwenye kukausha na kuhifadhi, na elfu moja ibaki ya mwavuli. Blanketi na kitanda vihesabu pembeni, kwa kuwa hivyo ni vya nyumba nzima.

1. Viatu

Udongo wa kuzunguka Mlima Rungwe ni wa volkano, una rutuba sana, na ukilowa kwenye mteremko unateleza vibaya. Tukuyu ina mteremko kila upande. Kwa hiyo kiatu kinafanya kazi mbili, kuzuia maji na kukusimamisha.

Chaguo la kwanza ni gambuti. Ziko za mpira halisi na za PVC, yaani plastiki. Za mpira ni nzito na ghali zaidi, lakini hubaki laini kwenye baridi. Za PVC ni nafuu na zinatosha watu wengi, ila hupasuka pale vidole vinapojikunjia. Dukani, ikunje soli mara tatu au nne kwa nguvu. Ukiona mstari mweupe umebaki pale ilipokunjika, irudishe, maana ndipo itakapopasukia. Geuza uangalie meno ya soli. Yawe na kina kinachofika nusu sentimita na yaachane, ili tope lidondoke lenyewe unapotembea. Meno madogo yaliyobanana hujaa udongo kwa hatua kumi tu, na baada ya hapo unatembea juu ya soli bapa.

Chukua namba moja zaidi ya unayovaa, kwa ajili ya soksi nene. Sukuma mguu mbele hadi vidole viguse, kisha ingiza kidole kimoja cha mkono nyuma ya kisigino. Kikiingia kwa kubana kidogo, ni saizi yako. Vikiingia viwili, tope litakuvua kiatu. Ukifika nyumbani jaza maji kila mguu, uusimamishe juu ya gazeti kavu kwa nusu saa. Gazeti likilowa, rudisha siku hiyohiyo.

Gambuti ikiingia maji ndani, usiiweke karibu na jiko, kwa sababu PVC hulegea na gundi ya soli huachia. Ijaze magazeti yaliyofinyangwa, uyabadilishe baada ya saa moja au mbili, kisha uyaweke tena usiku. Soksi ziwe za sufu au za nyuzi za sintetiki. Za pamba hushika maji kutwa nzima, na hapo ndipo fangasi za vidoleni huanza.

Nafasi ya pili zinakaa yeboyebo. Zinaoshwa bombani, zinakauka kwa kufutwa, na bei yake haiumizi kichwa. Zinafaa uani, sokoni na kwa watoto wanaporudi shule. Kwenye mteremko wenye tope usizitegemee.

Viatu vya ngozi ni vya tatu, na tunavitaja kwa sababu ya wanaokwenda ofisini. Njia wanayotumia wengi ni kutoka na gambuti nyumbani na kubadilisha wakifika kazini. Ngozi ikikaa wiki mbili kabatini bila kupigwa rangi huota koga. Tumia rangi ya nta, ile ya kopo, si ya maji ya chupa, kwa kuwa nta ndiyo inayozuia unyevu. Raba za kitambaa zina sponji nene ndani inayokunywa maji. Unazo tayari? Njoo nazo, lakini usinunue mpya.

2. Koti la mvua

Hapa wauzaji wengi hutumia neno moja kwa vitu viwili tofauti. Kuna koti linalovumilia manyunyu, na kuna koti lisilopitisha maji. Kama lina lebo, tafuta namba ya milimita. Namba hiyo inaonyesha urefu wa safu ya maji ambayo kitambaa kinaweza kubeba kabla hakijavuja. Chini ya 1,500 ni la manyunyu. Kwa mvua ya Aprili huku, anzia 5,000. Kama halina lebo, na mengi hayana, tengeneza bakuli kwa kitambaa cha koti, mimina kikombe cha maji, subiri dakika kumi, kisha pitisha kiganja upande wa chini.

Kitambaa kizuri bado kinaweza kuvuja mishononi. Geuza koti ndani nje. Mishono ya mabega na kofia inatakiwa iwe imefunikwa kwa utepe uliogandishwa. Pasipo utepe, kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Zipu nayo iwe na kipande cha kitambaa cha kuifunika.

Mpangilio wetu unategemea unavyosafiri. Kwa anayetembea kwa miguu, koti la nailoni lenye utepe mishononi, refu hadi katikati ya paja, linashinda. Ni jepesi na hukauka kwa usiku mmoja likining'inizwa ndani. Kwa anayeendesha au kupanda bodaboda kila siku, seti ya koti na suruali ndiyo ya kwanza, kwa sababu maji humpiga mapajani kabla hayajamfika kifuani. Koti zito la PVC halivuji kabisa, ila halipumui. Ukipanda mlima ukiwa nalo utaloweshwa na jasho lako mwenyewe. Linamfaa anayesimama sehemu moja, kama mlinzi au muuza duka la nje.

Poncho ni nafuu na humfunika mtu pamoja na mzigo wake mgongoni, au mama na mtoto. Kwenye pikipiki ni hatari, maana pindo lake hunaswa na mnyororo au tairi.

Makoti ya mitumba yanaweza kuwa bora kuliko mapya ya bei hiyohiyo, ukijua kuchagua. Angalia utando wa ndani. Ukibanduka kama ngozi ya kitunguu, au ukinata vidoleni, koti limekufa na hakuna dawa yake. Utando ukiwa mzima lakini maji yakaloweka kitambaa cha nje badala ya kuteleza, hilo linaweza kufufuliwa kwa dawa ya kupulizia ya kuzuia maji.

3. Vitu vya kukaushia na kuhifadhi

Wageni wengi huruka sehemu hii, kisha huilipia mara mbili.

Anza na kamba mbili za kuanikia, moja ya nje chini ya bati la kibaraza na moja ya ndani. Nunua ya nailoni, mita 10 hadi 15, si ya katani, kwani katani yenyewe huota koga na kuacha madoa kwenye nguo nyeupe. Anika ukiacha nafasi ya kiganja kati ya nguo na nguo. Zikigusana, zote huchelewa. Kamua mara mbili: ya kwanza ukishasuuza, ya pili baada ya robo saa, maji yakishashuka chini. Pasi humalizia kilichobaki kwenye mikunjo na kola.

Halafu angalia kabati lako lenyewe. Kanga, vitenge na mashati ya sintetiki hukauka haraka. Majinzi na masweta mazito ya pamba huchelewa. Mtoto aliyekuwa na sare mbili za shule Dodoma anahitaji tatu huku, na sweta mbili.

Kwa vyeti, hati na picha, chombo bora ni ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Ina kazi nyingine nyingi na haiozi. Sanduku la bati hupata kutu chini, na begi la nguo halizuii unyevu hata kidogo. Usitegemee mfuko wa plastiki, kwa kuwa Tanzania iliipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tangu tarehe 1 Juni 2019. Vile vifurushi vidogo vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na redio usivitupe. Viweke ndani ya ndoo hiyo vinyonye unyevu.

Chakula kina hesabu yake. Wengi hutoka Dodoma na karanga, mahindi na uwele, na ni sawa kabisa, ila nafaka kavu ikiachwa kwenye kiroba hunyonya unyevu wa hewa, na kuvu wanaotengeneza sumukuvu hupenda sana karanga na mahindi ya hali hiyo. Nunua mifuko ya PICS, ile yenye tabaka tatu: mbili za plastiki ndani na moja ya nje ya kiroba. Kabla ya kufunga, pima ukavu. Weka konzi ya mahindi na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa kwa dakika moja, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, na ukiyafungia hivyo utakuta yamevunda. Fanya kipimo hicho Dodoma, ambako jua la kuyaanika tena lipo. Unga nunua kilo tano tano, si kiroba cha 25, na uuweke juu ya mbao, mbali na ukuta. Chumvi na viberiti vikae kwenye kopo lenye mfuniko wa kuzungusha.

4. Kitanda na blanketi

Tukuyu iko mwinuko wa mita 1,500 na zaidi, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka karibu na nyuzi 10 au chini yake. Blanketi mbili za wastani kwa kitanda ni bora kuliko moja zito, kwa sababu nyepesi zinakauka. Za poliesta zenye manyoya mafupi zinashinda za pamba kwa hilo. Godoro lisilale sakafuni. Liwe juu ya chaga zenye nafasi katikati, na kitanda kiachane na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja. Godoro lililogusa saruji mwezi mzima huwa na madoa meusi upande wa chini, na harufu yake haitoki tena.

Usilale na jiko la mkaa linalowaka chumbani ili kupata joto. Hewa yake ya sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

5. Mwavuli

Umekuwa wa mwisho, lakini ununue. Wa kwanza kwa ubora ni mrefu usiokunjwa, wenye njiti nane au zaidi za faibaglasi, kwa kuwa hazishiki kutu na zikipinduka hurudi. Unaokunjwa mara mbili ni wa pili, unaingia kwenye mkoba. Ule mdogo wa kukunjwa mara tatu, wenye njiti za chuma chembamba, hulegea viungo mapema na kuacha alama za kutu kwenye kitambaa. Uanike ukiwa wazi, hata ndani ya nyumba. Ukifungwa na maji, hunuka na kuoza pale njiti zinaposhikana na kitambaa.

Wapi na lini

Gambuti na koti usinunue Dodoma. Chaguo huko ni dogo, na gambuti iliyokaa dukani kwenye joto kwa miaka hukakamaa. Barabara ya kupitia Mtera, Iringa na Makambako inakufikisha Mbeya kwanza, na soko la Mwanjelwa lina kila kilichotajwa hapa kwa wingi kuliko Tukuyu mjini. Shuka, nunua, kisha rudi hadi Uyole, kwenye njia panda ya kwenda Tukuyu. Ndoo, mifuko ya PICS na nafaka andaa Dodoma.

Feni iuze. Tanki kubwa la maji pia fikiria kuliuza badala ya kulisafirisha. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja, kwa hiyo paa la mita 40 za mraba likipata mvua ya milimita 25 linakupa karibu lita 1,000 kabla ya kutoa kinachomwagika. Pipa la lita 200 chini ya gata hujaa kabla mvua haijakatika. Lifunike, mbu wasizaliane humo.

Ukiweza kuchagua mwezi wa kuhama, chagua Agosti au Septemba. Mzigo hautalowa juu ya lori, na utabaki na muda wa kuona bati linavuja wapi na fundi bado yupo tayari kupanda.