Nailoni ya bwawa niliyonunua Mwanza, na fundi aliyeitandika kwenye ngitili yetu

Nimesubiri kiangazi kizima kipite, vuli ipite, na masika pia, ndipo niandike. Vitu hivi ukivisifia wiki ya kwanza unawadanganya wenzako.

Baba alituachia ngitili upande wa Magu, ekari tatu chini ya mawe makubwa. Kwa wasiotoka Usukumani, ngitili ni eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Ng'ombe wetu tuliwauza siku nyingi. Mimi nilitaka kanga warudi. Nilipokuwa mtoto walikuwa wakituamsha kabla ya jua kutoka, na ni miaka mingi sijawasikia pale.

Mpwa wangu ndiye aliyenionyesha kwenye simu namna wawindaji wa Marekani wanavyochimba vidimbwi katika mashamba yao ili kulungu waje kunywa karibu na mahali walipojificha. Mimi siwindi, na kwetu kuwinda ni kwa kibali hata kama ardhi ni yako, ila uchimbaji ni uleule. Nilimwendea kwanza afisa wanyamapori. Swali lake la kwanza lilikuwa kama tembo hufika kwetu. Hawafiki. Huko mbele, upande wa Bunda unaopakana na Serengeti, maji kama haya karibu na nyumba yanaweza kukuletea msiba.

Udongo wetu ni luseni, mchanga mtupu, haushiki maji hata siku mbili. Ndiyo maana nikahitaji nailoni. Shimo ni mita 4 kwa 3, kina sentimita 80. Upimaji wake ni huu: urefu, jumlisha kina mara mbili, jumlisha nusu mita kila upande ya kufukia. Kwangu ilitoka mita 6.6 kwa 5.6, nikakatiwa 7 kwa 6. Duka liko mjini, si mbali na Mabatini, na jina lake sitalitaja. Waliniuzia nyeusi ya milimita 0.5 kwa shilingi 6,000 kila mita ya mraba, jumla 252,000. Kijana alinikatia vizuri, kipimo hakikupungua hata kidole. Lakini hakuniuliza inakwenda kutandikwa wapi wala nani atakunywa humo. Angeniuliza, ningemwambia ng'ombe wa majirani hupenya uzio, na ningelipia ya milimita 1 bila kusita.

Mwezi wa Agosti ng'ombe mmoja akaingia. Kwato ikatoboa chini, na asubuhi nikakuta matope. Nilirudi dukani, wakaniuzia gundi wakisema, "Mama, hii inashika kila kitu." Kiraka kilikaa siku tatu kikabanduka. Fundi alipokuja akanieleza kwamba nailoni ya aina hii haikubali gundi za kawaida, inaunganishwa kwa moto tu. Alikuja na jenereta ndogo na kifaa cha kupuliza hewa ya moto, akayeyusha kiraka juu ya tundu. Hadi leo halijavuja. Hilo la gundi limeniuma kuliko hela yenyewe, kwa sababu muuzaji wa nailoni hawezi kukosa kulijua.

Fundi huyo nampa sifa zote. Alichukua shilingi 120,000 kwa siku mbili, yeye na msaidizi. Siku nzima ya kwanza hakugusa nailoni. Aliokota miiba ya migunga mmoja mmoja, akang'oa mizizi, akamwaga mchanga laini, kisha akatandaza magunia ya zamani juu yake. Upande mmoja aliulaza kwa mteremko wa pole, mita moja chini kwa kila mita tatu. Kingo zote akazifukia, maana jua likiipiga nailoni miaka kadhaa inakauka na kupasuka.

Alisema pia tupange mawe kwenye ule mteremko kuanzia ukingoni hadi chini, kwa kuwa nailoni iliyolowa inateleza. Nikamjibu mawe nitayapanga mwenyewe Jumamosi. Ijumaa asubuhi nikamkuta kalunguyeye amekufa majini. Alizunguka usiku kucha akitafuta pa kupandia. Nilipanga mawe siku ileile, mikono ikichubuka, na hajazama kiumbe mwingine tena.

Maji yanatoka kwenye paa la kibanda. Bati zake ni mita za mraba 40, kwa hiyo mvua ya milimita 20 inanipa karibu lita 800. Kiangazi nilichomeka fito yenye alama, nikaona yanashuka sentimita 4 kwa wiki, karibu lita 480, kwa jua na wanywaji pamoja. Septemba ilibidi ninunue maji ya bodaboda, madumu kumi kila mara. Kwa ajili ya mbu niliweka vifaranga vya sato ishirini, wanakula viluwiluwi vyote. Majani ya majini nayang'oa kila mwezi, kwa kuwa konokono wa kichocho hupenda kujificha humo.

Walianza njiwa. Njiwa hunywa kwa kufyonza, kichwa chini hadi atosheke, wakati kwale anachota na kuinua shingo. Wakafuata nguchiro, kisha pimbi wakaanza kushuka mawe jioni. Digidigi nimemwona mara mbili tu, naye hakunywa. Maji mengi huyapata kwenye majani anayokula, na alikuja kwa ajili ya majani mabichi yaliyoota pembeni ya lambo.

Kanga walikuja Oktoba, wiki moja kabla ya mvua. Nilikuwa kibandani, chai mkononi, nikasikia ile sauti yao ya kukwaruza upande wa migunga. Walikuwa tisa. Walisimama mbali muda mrefu, mmoja akatangulia, akashuka juu ya yale mawe hadi majini.