Vitabu vya majini na uchawi kwa watoto: kipi ununue kwa umri gani

Wazazi wengi ukiwatajia vitabu vya fantasia akili inakimbilia Harry Potter, tena wanataka seti nzima ya vitabu saba wakati mtoto yuko darasa la pili, ikifika nyumbani inakuwa pambo la kabati. Mi nisingeanzia huko. Angalia kwanza dogo anasoma lugha gani bila kukwama, manake wa English medium wengi Kiswahili cha kitabuni kinawatoa jasho na wa kayumba, yaani shule za serikali, ni kinyume chake, na umri ulioandikwa nyuma ya kitabu haujui hayo. Huu ndo mpangilio wangu, kuanzia ninachokipenda zaidi.

Namba moja, miaka 10 mpaka 13: Adili na Nduguze cha Shaaban Robert. Najua, jina ulilisikia shuleni ukadhani ni la kujibia mtihani tu. Ila hebu ona, mtu mwema anayesifiwa na kila mtu, kumbe kila usiku anachapa manyani wawili huku mwenyewe analia, na siri inakuja kufumuka kwa sababu ya kodi ya mifugo, jamani kodi! Halafu ndani kuna jini, kuna mji mzima watu wamegeuka mawe, na hao manyani ni akina nani sikwambii ingawa jina la kitabu limeshachoma. Ni chembamba, hakitishi. Tatizo ni Kiswahili chake, kimetoka 1952 na mzee hakuwa mtu wa maneno mepesi, kwa hiyo usimtupie mtoto ukaenda zako, someni pamoja kidogo kidogo jioni, na mtoto wa English medium ndo anakihitaji kuliko wote.

Namba mbili, miaka 11 kwenda juu kwa anayesoma Kiingereza vizuri: Akata Witch cha Nnedi Okorafor, 2011. Binti wa miaka 12 anaitwa Sunny, yuko Nigeria, ana ualbino, anapenda mpira, anagundua ana nguvu za uchawi. Kuna mtu anateka watoto humo ndani, kwa hiyo mwenye kuota ndoto mbaya msubirishe. Na hapa watu wanaliwa hela: kitabu hichohicho kimeuzwa pia kwa jina la What Sunny Saw in the Flames, usije ukanunua vyote viwili ukidhani ni mwendelezo.

Namba tatu, miaka 8 mpaka 10: Mwana Mdogo wa Mfalme, ile tafsiri ya The Little Prince iliyochapwa na Mkuki na Nyota. Picha nzuri, sura fupi, ila mwisho una huzuni na maswali yatakuja, jiandae.

Harry Potter nakiweka namba nne, sio kwamba kibaya. Nunua cha kwanza peke yake, Harry mwenyewe humo anatimiza miaka 11 na umri huo unatosha. Akikimaliza bila kusukumwa ndo uongeze, manake cha nne kuna mwanafunzi anauawa na cha tano kinapita kurasa 700.

Alfu Lela U Lela aliyotafsiri Hassan Adam ni tamu sana lakini wape wa sekondari, hadithi inayofungua yote ni ya mfalme anayeua wake zake.

Chini ya miaka 6 wala usisumbuke, ingia tovuti ya African Storybook, hadithi za Kiswahili zipo bure na unaruhusiwa kuziprinti. Hela iliyobaki mnunulie rangi.

Ukiwa dukani au kwa wale wa kupanga chini, fungua kitabu katikati kabla hujalipa. Kopi feki utazijua tu, wino umefifia, kurasa zinaruka kutoka 96 kwenda 113, gundi inaachia ukikikunjua. Na ukiagiza kwa WhatsApp omba picha ya ndani, sio ya jalada.