Kwa wagonjwa wa meno wa Kusini mwa Tanzania, kipi kifae zaidi: chuo cha meno Mtwara au kliniki tembezi?

Mama wa Liwale anayeumwa jino hujifunga khanga shavuni, akabana karafuu kwenye tundu, akasubiri. Kliniki tembezi ingemfikia upesi: gari, kiti cha kukunja, ganzi, koleo. Usiku huohuo angelala. Lakini gari huja na kuondoka, na masika yakikolea barabara ya udongo hailipitishi. Tena kazi yake kubwa huwa kung'oa. Jino ambalo lingezibwa linapotea, na linauma mno hilo la kupoteza jino zima kwa kukosa mtu wa kuliziba mapema.

Chuo ni safari ndefu. Shahada ya udaktari wa meno ni miaka 5, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kazini. Ila kijana wa Newala akisomea Mtwara, akajifunzia kwa wagonjwa wa Kusini, ana sababu ya kubaki. Akisomea Muhimbili, Dar humvuta. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo palepale Mtwara.

Nachagua chuo, kianze na stashahada ya miaka 3. Gari liendelee kuja mpaka wahitimu wa kwanza wafike Liwale.