Mkazo wa Kiingereza: wa London au wa Marekani?
Neno garage: Mwingereza hukaza silabi ya kwanza, Mmarekani ya mwisho. Ballet vilevile. Kwenye laboratory mambo hugeuka: Uingereza mkazo uko kwenye silabi ya pili, Marekani ya kwanza. Advertisement ndilo linalotatiza zaidi. Mwingereza hukaza "ver", Mmarekani "tise", na irabu ya "tise" hutamkwa "ai". Hapo Mmarekani kaangukia silabi ya pili kutoka mwisho, mahali ambapo sisi Waswahili huweka mkazo.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania au Kenya ningechagua wa Uingereza, kwa kuwa ndio msingi wa shule zetu. Ila record haina upande: likiwa nomino kaza mwanzo, likiwa kitenzi kaza mwisho, kote kuwili.