Kufunga uvungu wa nyumba dhidi ya unyevu wa ardhini: uzoefu wangu wa miaka miwili Raleigh

Makubadhi yangu ya ngozi, niliyoshonewa Tanga, yaliota ukungu kabatini mara mbili katika kiangazi kimoja. Mara ya kwanza nililaumu ngozi, mara ya pili nikalaumu kabati, na nilikawia sana kung'amua kwamba ubaya ulikuwa chini ya sakafu. Mke wangu ndiye aliyenitangulia: kila tulipofunga madirisha na kuwasha kiyoyozi, alisema, chumba cha watoto kilinuka gunia lililolowa.

Nyumba yetu ipo Raleigh, North Carolina, na ilijengwa mwaka 1978. Kama nyumba nyingi za kusini-mashariki mwa Marekani, haikukalia zege lililomwagwa ardhini, bali imeinuliwa juu ya kuta fupi za matofali ya saruji na nguzo chache za katikati, na kati ya sakafu ya mbao na udongo pana nafasi ya sentimita 75 hivi ambayo mtu hupita kwa kutambaa. Nyumbani kwetu tunaiita uvungu, maana ni uvungu hasa, kama wa kitanda, ila huu una mabomba ya maji, njia za hewa ya kiyoyozi, nyaya za umeme na, kwa bahati yetu mbaya, udongo mwekundu wa mfinyanzi ambao ukishanywa maji hauyaachi. Sisi tuliokulia kwenye nyumba za msingi uliojazwa kifusi tumezoea kuona unyevu ukipanda ukutani na kuacha chumvichumvi na rangi iliyobambuka. Hapa haupandi ukutani. Unapanda ndani ya hewa, na hewa haina alama.

Nilivaa taa ya kichwani nikaingia huko mwezi Julai. Sufi ya kioo iliyopachikwa kati ya boriti kwa ajili ya kuzuia joto ilikuwa imelowa, imekuwa nzito, na vipande vyake vilining'inia kama popo. Njia za hewa ya kiyoyozi zilitoka jasho, tone moja moja, na chini ya kila kiungo palikuwa na kidimbwi chenye ukubwa wa sahani. Boriti zilikuwa na madoa meupe ya kuvu yaliyofutika kwa kidole na kurudi baada ya siku chache. Niliacha humo kipimo cha unyevu wa hewa kwa wiki nzima, na hakikushuka chini ya asilimia 85. Kipimo cha mbao chenye sindano mbili, nilichokichomeka kwenye boriti iliyo chini ya bafu, kilisoma asilimia 22. Mbao zikivuka asilimia 20 hivi kuvu hustawi, na zikikaa karibu na 30 kwa muda mrefu huanza kuoza.

Kilichonishangaza ni kwamba kuta za uvungu zilikuwa na matundu 14 ya kupitisha hewa, yote wazi, yote yakifanya kazi. Kwa miaka mingi kanuni za ujenzi za Marekani zilidai tundu la futi 1 ya mraba kwa kila futi 150 za mraba za ardhi iliyo chini ya nyumba, na hoja yake inaingia akilini kwa haraka: upepo hukausha, kama unavyokausha nguo kwenye kamba. Lakini hewa ya Julai ya hapa si hewa ya kukaushia kitu. Hewa yenye joto la nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa umande ikipoa hadi nyuzi 23 hivi, na uvungu, uliokingwa na jua na kupozwa na ardhi pamoja na kiyoyozi, huwa chini ya hapo. Kwa hiyo kila upepo ulioingia kupitia yale matundu uliacha maji yake kwenye boriti na njia za hewa, sawasawa na gilasi ya maji baridi inavyotoka jasho barazani. Udongo nao ulikuwa ukipumua mvuke wake kutoka chini. Uvungu ulikuwa unanyweshwa pande zote mbili.

Jambo hili lilichunguzwa jirani na kwetu. Shirika lisilo la faida la Advanced Energy, lenye makao yake hapa Raleigh, lilifuatilia nyumba 12 katika mji mdogo wa Princeville, mashariki mwa jimbo, mji ulioanzishwa na watu waliotoka utumwani mwaka 1865 na uliofunikwa na gharika ya kimbunga Floyd mwaka 1999. Nyumba zilizofungwa uvungu zilikuwa kavu zaidi kiangazi kuliko zenye matundu, na zilitumia umeme pungufu kwa asilimia 15 au zaidi katika kupasha na kupoza nyumba. Utafiti huo ndio uliochangia kanuni za jimbo kubadilishwa ili kuruhusu uvungu uliofungwa, na ndio ulioniondolea wasiwasi wa kuziba matundu ambayo nilikuwa nimeambiwa ndiyo dawa.

Niliita makampuni matatu, ambayo sitayataja. La kwanza lilimtuma kijana aliyepiga picha za kuvu, akaketi na mke wangu mezani jikoni, akamwonyesha moja baada ya nyingine, kisha akataja dola 14,600 na kusema kwamba bei hiyo ingekwisha jioni ile. Bei inayokwisha jioni naiogopa kuliko kuvu. La pili lilitaka dola 2,300 kwa kutandaza nailoni nyembamba ya milimita 0.15 juu ya udongo na kuacha matundu wazi. Kazi hiyo ina faida yake, kwa kuwa inazuia mvuke wa udongo, lakini isingegusa umande unaoletwa na hewa ya nje, ambao kwetu ndio ulikuwa tatizo kubwa.

Mtu wa kampuni ya tatu hakuingia uvunguni kwanza. Alizunguka nyumba kwa dakika ishirini, akitazama juu na chini, kisha akaniita kwenye pembe ya nyuma ambako bomba la gata liliteremsha maji ya paa hatua moja kutoka ukutani. Mvua ya milimita 25, ambayo hapa ni mvua ya alasiri moja tu, ikinyesha juu ya paa la mita za mraba 110 huleta lita 2,750 za maji, na sehemu kubwa ya maji hayo tulikuwa tukiyamwaga wenyewe kwenye mguu wa ukuta. Aliniambia waziwazi kwamba kama sitarekebisha hilo, nailoni yake itageuka kuwa kifuniko cha bwawa. Kwa neno hilo alinipata. Wikiendi mbili zilizofuata, mimi na shemeji yangu tulirefusha mabomba yote manne ya gata kwa mita 3, tukachota udongo na kuupanga upya ili ardhi iteremke sentimita 15 katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Gharama ilikuwa dola 310 na maumivu ya mgongo. Kabla hata ya kampuni kuanza kazi, kidimbwi cha pembe ya nyuma kilikuwa kimekauka.

Kazi yenyewe iligharimu dola 9,400 na ilichukua siku tatu kwa mafundi wanne. Siku ya kwanza walitoa sufi yote iliyolowa, mifuko 41 niliyoihesabu nikiwa nimesimama kando, wakasugua kuvu kwenye boriti na kusawazisha udongo. Siku ya pili walitandaza nailoni nyeupe ya milimita 0.5 iliyoimarishwa kwa nyuzi ndani yake. Hapa ndipo nilipoona tofauti ya fundi na mtandazaji: kila pande lililalia jingine kwa sentimita 30, maungio yakabandikwa utepe na kukandamizwa kwa roli, na kila nguzo ilikatiwa shati lake la nailoni, likafungwa kiunoni na kubandikwa kwenye pande la chini bila kuacha upenyo. Ukutani nailoni ilipanda lakini ikaishia inchi 3 chini ya mbao, ukanda ukaachwa wazi pande zote ili mkaguzi wa mchwa aweze kuona vijia vyao vya udongo. Siku ya tatu waliziba matundu, wakafunga mlango wenye mpira wa kuzuia hewa, na kuning'iniza mashine ya kukausha hewa yenye uwezo wa kutoa lita 33 kwa siku, ikiwa na bomba linalopeleka maji nje. Waliiweka kwenye asilimia 50.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa za kushangilia, kisha zikaja Jumamosi. Kipimo changu hutuma takwimu kwenye simu, na niligundua kwamba kila Jumamosi mchana unyevu ulipanda kutoka asilimia 52 hadi 70 au zaidi, ukashuka usiku wa manane. Nilipiga simu mara mbili nikajibiwa kwamba mashine bado inazoea mazingira, jibu ambalo sikulielewa wakati ule na silielewi hadi leo. Ni mke wangu aliyetaja kitu kimoja tu: Jumamosi ndiyo siku ya kufua. Niliingia uvunguni huku mashine ya kukaushia nguo ikiwa imewashwa, nikalala kifudifudi juu ya nailoni, na kabla sijaona kitu nilisikia harufu ya sabuni ya nguo. Bomba linalotoa hewa ya mashine hiyo kwenda nje lilikuwa limechomoka kwenye kiungo, bila shaka siku walipokuwa wakitoa sufi, na sasa lilipuliza mvuke wa nguo zetu zote ndani ya uvungu ambao nilikuwa nimelipa dola 9,400 uzibwe. Zamani matundu yangesamehe kosa hilo. Uvungu uliofungwa hausamehe. Vumbi la nguo lilikuwa limetua juu ya nailoni nyeupe kama unga. Kampuni ilikuja kufunga kiungo kwa bure, lakini haikuomba radhi wala kukiri kwamba ni kazi ya mikono yake, na kwa hilo naipunguzia alama.

Tangu hapo sina lalamiko juu ya matokeo. Katika viangazi viwili unyevu wa hewa umekaa kati ya asilimia 48 na 55, na boriti ya chini ya bafu, ile iliyosoma 22, ilifika asilimia 13 mwezi wa kumi na moja na haijavuka 14 tena. Harufu ya gunia iliondoka ndani ya siku kama kumi. Bili ya umeme haikupungua kama nilivyotarajia, kwa kuwa mashine ya kukausha hewa nayo hula umeme, dola 15 hivi kwa mwezi wakati wa joto kwa hesabu yangu. Kiyoyozi kinafanya kazi kwa muda mfupi zaidi, na majira ya baridi sakafu haigandishi miguu alfajiri, lakini anayefunga uvungu kwa ajili ya kurudisha fedha yake kwenye bili atasubiri sana.

Kabla ya kutia saini, yapo mambo mawili ambayo hakuna muuzaji aliyenieleza. Hita ya maji ya gesi iliyoko uvunguni, ikiwa huvuta hewa ya kuwakia humo humo, haiwezi kuachwa hivyo ndani ya uvungu uliozibwa, kwa sababu moshi wake wenye sumu unaweza kurudi nyuma badala ya kutoka. Yetu ni ya umeme, hivyo tuliokoka gharama hiyo. La pili ni radoni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayotoka ardhini na ambayo hapa Marekani huhesabiwa kuwa chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara. Kufunga uvungu kunaweza kubadilisha kiwango chake ndani ya nyumba, kupanda au kushuka, kwa hiyo nilipima kabla na baada ya kazi kwa kifaa cha dukani. Shirika la serikali la mazingira linashauri hatua zichukuliwe kuanzia pikokuri 4 (kizio cha kupimia mionzi) kwa lita ya hewa; sisi tulipata 1.8 kabla na 1.3 baadaye.

Dhamana niliyopewa ni ya miaka 20 kwa nailoni, lakini hubatilika mteja asipolipia ukaguzi wa kila mwaka wa dola 185, sharti lililoandikwa kwa herufi ndogo ukurasa wa nne. Nililipa mwaka wa kwanza. Fundi aliyekuja alikaa uvunguni dakika sita, akasafisha chujio la mashine na kuondoka. Mwaka wa pili nilikataa. Mwezi wa nne na wa kumi naingia mwenyewe na taa yangu, nasafisha chujio, nachomeka sindano kwenye boriti ile ile, na kabla ya kutoka nashika kiungo cha bomba la mashine ya nguo na kukitikisa.