Shamba la zabibu Hombolo, Dodoma: uzoefu wangu

Mi nilikuwa nasema wain ya Dodoma ni sukari tupu na kichwa kuuma kesho yake. Sasa mwezi wa nane nikaenda Dodoma kikazi, shemeji akanipeleka upande wa Hombolo kwa familia moja inayolima na kutengeneza yenyewe, baba mama na watoto, hakuna bango wala geti, ni nyumba, shamba na banda la matanki kwa nyuma.

Tulifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi na tukakuta wako katikati ya kazi, maana wanachuma kabla jua halijakaza, mkasi mkononi, kishada kimoja kimoja na punje zilizooza zinatolewa palepale. Zabibu nyeupe ni aina ya chenin blanc, hiyo ikifika bandani inakamuliwa muda huohuo, maganda pembeni, juisi inaingia kwenye tanki lililozungushiwa mpira wa maji baridi, kwasababu ikichachuka kwenye joto la Dodoma harufu yote nzuri inapotea. Nyekundu ni aina ya makutupora na yenyewe inachachuka pamoja na maganda, rangi inatoka humo.

Hapo ndo niliposimama muda mrefu. Mama alifunua pipa, maganda yamepanda juu yamekuwa tabaka nene kama ugali uliokauka juu, akachukua mti mrefu akaanza kuyazamisha, povu la zambarau likapanda huku linachemka chini kwa chini na harufu ya hamira ikakupiga usoni. Nikamuuliza mama shikamoo hii kazi mara ngapi kwa siku, akasema mara tatu na usiku nikiamka naangalia, ukiyaacha juu yanakauka yanaleta siki. Kwa kweli nilimheshimu sana.

Halafu kitu ambacho sikujua, wenzetu wa Ulaya wanavuna mara moja kwa mwaka ila Dodoma ni mara mbili, hakuna baridi ya kuulaza mzabibu kwahiyo ukipogoa tu unaanza upya. Mzee akasema zile za mwezi wa tatu zinakutana na mvua, ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu, unasumbua na punje zinakuwa na maji maji, wain yake nzuri anaitoa kwenye mavuno haya ya kiangazi.

Kuonja sasa. Ile nyeupe kavu jamani!! Haina sukari kabisa, ina ukali kidogo kama ndimu, tulikunywa na kuku wa kienyeji wa kuchoma nikaongeza na kuongeza. Nyekundu kavu nzuri ila bado changa, ingekaa miezi mingine. Nyekundu tamu sikuipenda, ni tamu mno, ila shemeji ndo kabeba hiyo. Chupa elfu 15, nimebeba sita zote nyeupe. Kasoro ni lebo, zinabanduka ukiweka kwenye friji, nikawaambia wakasema watabadilisha gundi.

Ukitaka kwenda wapigie siku moja kabla na ulale Dodoma mjini, ukifika saa nne utakuta matanki tu wameshafunga.